Ikipata Moto

Kaka yangu hakuwahi kumletea mke wake manukato. Alimletea sauti. Wenzake wakikaa kuhesabu hereni na viatu walivyoletewa na waume zao, wifi yangu alikuwa na haki kamili ya kusema kwamba yeye juzi kaletewa mlio wa beringi iliyokauka, na kwamba ulikuwa mzuri sana.

Usidhani natia chumvi. Karakana ya kaka ilikuwa uani, chini ya paa la mabati, na cherehani ya wifi ilikuwa chumba cha mbele, dirishani. Likija gari lenye mlio wa ajabu, kaka hakushika spana mpaka amemwita mkewe. "Njoo usikie." Wifi anaacha pazia la watu nusu, anatoka na tepu ya kupimia shingoni na pini zimejaa kifuani, anainama juu ya injini. Kaka anaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma na mpini wake kwenye sikio la mkewe, kisha anamkazia macho kama mtu aliyemwonjesha mwenzake mchuzi anasubiri aambiwe chumvi imekolea. Mimi nilikuwa napita na kapu la nguo za kupiga pasi, nikiwaambia kwamba watu wenye ndoa za kawaida hupelekana matembezi.

Hata kukutana walikutana hivyo hivyo. Kaka alikuwa na suruali ambayo spana zilikuwa zimeitoboa mfuko. Alisimama mlangoni kwa huyu mshonaji asiyemjua, na badala ya kusema kilichomleta, akasema, "Mashine yako ina kitu kimelegea." Akajibiwa kwamba kilicholegea ni suruali yake. Alicheka, akaomba bisibisi, akafungua kibati kilicho chini ya sindano, akakaza skrubu moja, na mlio ukaondoka. Suruali ilikaa pale wiki nzima kwa ajili ya mfuko mmoja, na kila siku kaka alipita kuiulizia.

Mimi ni dada yake. Niliolewa, nikaachika, nikarudi na sanduku langu na ulimi wangu. Sanduku limeshachakaa. Tangu hapo naishi nao, na kazi yangu katika ushonaji wa wifi ni vifungo, matundu ya vifungo na pasi, kwa hiyo ninachosimulia nimekiona nikiwa nimekaa kwenye kiti changu, si cha kuhadithiwa.

Zile sauti zilikuwa na majina, na majina hayo yalikuwa ya nyumba yetu. Kudonoa ilikuwa ni valvu zilizolegea, mlio mwepesi wa kuku anayedonoa bati. Kusaga ilikuwa ni beringi. Kufoka ilikuwa ni ekzosi inayovuja pale inapoungana na injini: moshi unatoroka kwenye mwanya, na mlio wake ni tk, tk, tk, kama mtu anayekusikitikia kwa ulimi. Halafu kulikuwa na kugonga. Hilo ndilo neno lililoogopwa. Kugonga ni konrodi, mkono unaosukuma pistoni, ukianza kucheza mahali pake, na mlio wake mzito unatoka chini tumboni mwa injini: ko, ko, ko. Gari likigonga unalizima pale pale, na huliwashi tena mpaka injini yote imefunguliwa. Kwetu neno hilo halikutamkwa hovyo, kama ambavyo watu wenye akili hawatamki hovyo neno talaka.

Juu ya majina yote kulikuwa na swali moja, na kaka alimuuliza kila mteja kabla salamu haijakauka: "Ikipata moto, inazidi au inapungua?" Ikipungua, alisema, usiogope. Chuma kikipata joto kinatanuka na kuziba mwanya wake chenyewe. Ikizidi, kuna kitu kinaliwa ndani, na hapo si kazi ya fundi wa kupita njia.

Wifi alijifunza yote hayo. Alifika mahali akawa anataja mlio wa gari likiwa bado barabarani, mguu wake ukiwa kwenye cherehani, na kaka anapiga makofi huko uani. Ndiyo maana nasema neno moja alilokuja kulikosea baadaye hakulikosea kwa kutojua.

Kazi ya kaka ilipungua polepole. Yalikuja magari mapya yasiyosikilizwa kwa bisibisi, na yale ya zamani yakaanza kwisha, na kuna wiki kaka alikuwa anafungua na kufunga kabureta ileile ili tu mikono isikae bure. Kisha akapata mkataba wa miaka miwili wa kutunza majenereta kwenye mgodi, nchi ya mbali, safari ya ndege mbili. Siku ya kuondoka alimwachia mkewe lile gari lake mwenyewe, saluni la zamani lenye rangi ya chai iliyozidiwa maziwa. Alikuwa analilalia chini mchana kutwa kila Jumapili, na wifi alikuwa ameshaliita mke mwenza.

"Nakuachia mke mwenzako," kaka akasema. "Mtunzane."

Alimwachia pia spana zake, zimekunjwa ndani ya turubai ambalo wifi mwenyewe alilishona, kila spana na mfuko wake, kila mfuko na namba yake kwa uzi mwekundu.

Nitasema wazi, maana mimi sijui kuzungusha maneno: wifi alimkosa mume wake mpaka ikawa inaonekana kwa nje. Gari lilipopita barabarani, mguu wake uliacha kukanyaga cherehani na kichwa kikainama upande, kisha hakuna mtu wa kumtajia jina la mlio, na mguu ukarudi kazini. Alifua ovaroli za kaka ambazo hazikuwa na uchafu, akazianika, akazipiga pasi, wakati pasi ni kazi yangu. Kaka alipiga simu kila Jumapili asubuhi, na wote wawili walikuwa na hamu ya simu hiyo wiki nzima, na ikishapigwa hawakuwa na la kusema. Hamjambo? Hatujambo. Kazi? Salama. Mvua huko? Ipo. Watu waliokuwa wakizungumza juu ya beringi mpaka chakula kinapoa sasa walikuwa wanaulizana habari za mawingu. Wifi akikata simu alikaa kidogo akiitazama, kama mtu aliyepewa sahani na kunyang'anywa.

Ndipo gari likaanza mlio. Wifi alirudi nalo sokoni siku moja, akalisimamisha uani, akakaa ndani bila kushuka. Nilidhani anaumwa. Alikuwa anasikiliza, na usoni alikuwa na kitu ambacho sikuwa nimekiona muda mrefu. Alikuwa na habari ya kumwambia mume wake.

Jumapili ilipofika hakungoja maswali ya mvua.

"Gari lina mlio," akasema.

"Mlio gani?" Sauti ya kaka ilibadilika pale pale. Ilikuwa ya mtu aliyekuwa amelala kitandani akaketi.

Akaambiwa awashe gari na kuweka simu juu ya injini. Akaiweka. Kaka hakusikia kitu. Simu za siku hizi zina akili nyingi, zinanyamazisha kelele zote zisizo za mtu, kwa hiyo huko mbali kaka alikuwa anasikia mkewe anavyopumua na basi. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Lakini kaka hakukubali kushindwa.

"Basi nifanyie kwa mdomo," akasema.

Wifi akaniangalia, akaona haya, akanigeuzia mgongo. Kisha nikamsikia: tk, tk, tk, tk. Kaka akasema arudie. Akarudia.

Mimi nikatiwa kwenye usukani, mguu kwenye pedeli ya mafuta, na wifi akaanza kuchomoa waya za plagi moja moja kwa kitambaa kinene, simu ameibana kwa bega. Ya kwanza, mlio upo. Ya pili, upo. Ya tatu, mlio ukafa. Hapo pana njia panda, na nimeelezwa vya kutosha kuijua: konrodi inayogonga ukichomoa waya wa plagi yake inanyamaza, na ekzosi inayofoka ukifanya hivyo inanyamaza vilevile. Kinachotenganisha ni moto.

"Ya tatu," wifi akasema.

"Na inafanyaje?" kaka akamuuliza, kama mwalimu anayejua mwanafunzi wake hatakosea.

"Inagonga."

Nikaondoa mguu kwenye mafuta. Nikamtazama kupitia kioo. Hakunitazama.

"Inagonga?" kaka akarudia. "Ikipata moto, inazidi au inapungua?"

Injini wakati huo ilikuwa imeshapata moto. Waya ulikuwa umerudi mahali pake, silinda zote zinafanya kazi, na mlio haukuwepo hata wa dawa. Gari lilikuwa limetulia kama mtoto aliyenyonya. Wifi aliiangalia ile injini iliyonyamaza, simu begani, kitambaa mkononi.

"Inazidi," akasema.

"Zima. Usiiwashe tena, na mtu asiiguse. Hata fundi Polepole asije akaifungua. Hiyo ni kazi yangu mwenyewe. Mkataba ukiisha nakuja kuifungua."

Jioni ile alikuwa anakunja pindo la pazia na mimi nashona vifungo vya mashati ya shule, na nilikuwa nimejikaza kisabuni kutwa nzima. Nikamwambia kwamba ile sauti ilikufa ilipopata moto. Akasema anajua. Nikamwambia kwamba hata mimi mtu wa vifungo najua konrodi haigongi vile. Akasema anajua.

"Sasa?"

Akakata uzi kwa meno. "Ningemwambia inafoka, angesema nimpe Polepole akaze. Maneno yangeishia hapo. Sasa anakuja."

Kaka ni wangu wa tumbo moja na anayedanganywa ni yeye. Nikaokota kifungo kingine.

Polepole alikuwa fundi wa mtaa wa nyuma. Jina alipewa kwa sababu anafanya kila kitu bila haraka, hata kucheka. Unamwambia kichekesho leo, anakicheka kesho. Alikuja asubuhi moja kushonewa goti la ovaroli, akakuta wifi amewasha gari. Maana alikuwa analiwasha. Kila Jumamosi alitoa kile kifuniko alichokishona kwa mabaki ya mapazia ya watu, maua ya huyu na mistari ya yule, mpaka gari likikaa uani lilikuwa kama bibi harusi aliyevishwa gizani. Aliliwasha, akasimama pembeni na mikono kifuani, akasikiliza tk, tk, tk. Injini ilipopata moto na mlio kufa, alizima, akalifunika.

Polepole alisikiliza naye. Kisha akaomba maji ya sabuni na brashi, na kwa kuwa ni mgeni, akapewa. Alipaka lile povu pale ekzosi inapoungana na injini, mahali penye alama nyeusi ya moshi, na povu likafanya mapovu makubwa, yanavimba na kupasuka, yanavimba na kupasuka.

"Nati hii hapa," akasema. "Imelegea, basi. Niikaze, dakika moja?"

Dakika ya Polepole ni nusu ya asubuhi, lakini hicho sicho kilichomfanya wifi aweke kiganja chake juu ya ile nati. "Iache," akasema. "Mwenyewe yuko njiani."

Polepole akautazama ule mkono. Akasuuza brashi taratibu, akaitundika. "Njia ndefu hiyo," akasema, akachukua ovaroli yake akaenda.

Na kwa muda, sitakataa, uongo ule ulitulea. Simu za Jumapili zilirefuka. Kaka alikuwa na mgonjwa wa kuulizia. Alieleza atakavyoifungua, ataanzia wapi, boliti ipi ni kaidi na inatakiwa ipakwe mafuta siku moja kabla. Alisema, "Utanishikia taa," na wifi akasema atamshikia. Walibishana kama taa ya zamani bado inawaka. Walicheka. Mimi nilizidisha sauti ya redio ili wasinione nasikiliza, kisha nikaipunguza ili nisikie. Na kila mwisho wa simu kaka alisema, "Nifanyie ile ya mdomo." Wifi alikuwa haoni haya tena. Alimfanyia akiwa amefumba macho, tk, tk, tk, na kaka alisikiliza muda mrefu kuliko fundi anavyohitaji. Nilidhani anapima kama imezidi.

Mkataba ukaisha. Kaka akasema wamemwomba amalizie msimu. Msimu ukaisha, akasema aliyetakiwa kumpokea kazi hajafika. Halafu ikawa mwezi ujao, na mwezi ujao ukawa kama yule shemeji anayeahidi kila siku kuja kula na hujawahi kumwona. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Wifi alikuwa amemshonea shati la kuvaa siku ya kushuka, akalitia kabatini, akalitoa akaongeza kiuno, maana wanaume wakikaa kwenye migodi wananenepa. Akalitoa tena akapunguza, maana labda wanakonda. Shati lilishonwa na kufumuliwa mpaka kitambaa kikachoka mshono.

Jumamosi aliendelea kuwasha gari. Niligundua kwamba siku hizi alikuwa analizima kabla halijapata moto, mlio ukiwa bado upo. Nilimuuliza kwa nini. Alisema hapendi kuusikia ukinyamaza.

Kisha ikaja ile Jumapili. Kaka alizungumza haraka, kama mtu anayesoma. Wamempa mkataba mwingine, mrefu zaidi ya ule wa kwanza. Kakubali. Na lile gari, akasema, linaoza bure na kujaza uwanja. Polepole aje Jumamosi alichukue kwa bei ya chuma, ameshampigia. "Injini iliyogonga haina kazi tena," akasema. Siku hiyo hakuomba afanyiwe ya mdomo.

"Sawa," wifi akasema.

Akarudi kwenye cherehani. Alishona pazia zima, upande hadi upande, na alipofika mwisho nikaona kwamba sindano haikuwa na uzi. Kitambaa kilikuwa na mstari wa matundu tu. Hakukiona. Akakigeuza akaanza upande wa pili, na mimi nikainuka nikakishika.

Nilikasirika, na nikikasirika mimi hata paka anatoka nje. Nilimwambia ampigie sasa hivi amwambie ukweli. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua.

"Methali zako zitanisaidia nini, wifi?" akasema. "Nikimwambia ni nati, ataniambia nikaze, na hatakuja. Nisipomwambia, gari linaondoka, na hatakuja. Niambie wewe, kati ya hizo mbili, niishike ipi."

Akaomba mkasi, nikampa.

Jumamosi Polepole alikuja na pikapu yake na kamba ya kuvutia. Alikuwa amevaa safi, kama mtu aliyekuja msibani. Wifi alimkaribisha chai. Alimwekea kiti kivulini, akamwekea kikombe, kisha akaenda kwenye gari akavua kile kifuniko cha maua. Alikikunja vizuri, kona kwa kona, akaniletea nikishike. Polepole akaweka kikombe chini ili asimame na kamba yake, na wifi akamwambia bila kugeuka, "Kunywa chai."

Aliingia ndani akatoka na lile turubai la spana. Akalikunjua juu ya ukuta mfupi wa ua, akapitisha kidole kwenye namba zile za uzi mwekundu, akatoa namba kumi na tatu. Akafungua boneti, akainama.

Nati ilikuwa na kutu na mahali penyewe pana kona mbaya. Spana ikateleza, akajikwaruza kidole, akakinyonya, akaishika upya. Nilimwona bega linavyokaza. Sijui kama ilifika hata robo ya mzunguko. Miaka yote ile, nyumba nzima, mkataba juu ya mkataba, na kilichokuwa kinadaiwa na ile nati ni robo ya mzunguko. Aliifuta kwa ncha ya gauni kana kwamba inatoka jasho, akaenda akawasha.

Gari lilikuwa baridi kabisa. Ilikuwa ndiyo saa yake ya kulia. Injini ikashika, ikatetemeka, ikatulia, na hapakuwa na tk wala nusu yake. Ilikuwa inashona. Tulisimama watatu tunasikiliza kitu kisichokuwepo.

"Basi hicho si chuma chakavu tena," Polepole akasema, na akaanza kuikunja kamba.

Wifi alitoa simu akapiga. Haikuwa Jumapili, na kaka aliipokea kwa roho juu. Simu ilikuwa imewekwa kwa sauti kubwa, kwa hiyo sikuhitaji kujificha na redio.

"Kuna nini? Nani anaumwa?"

"Sikiliza," wifi akasema, akailaza simu juu ya injini.

"Sisikii kitu. Unajua simu hizi zilivyo."

"Hakuna cha kusikia. Ilikuwa nati ya ekzosi. Nimeikaza mwenyewe sasa hivi. Haikuwahi kugonga."

Nilingoja kaka apandishe hasira. Ana haki, nilisema moyoni, na akipandisha nitamjibu mimi. Lakini nyuma yake tukasikia kengele ya kazini ikilia na kuacha.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Ulinifanyia tk, tk, tk, halafu ukasema inagonga. Konrodi hailii hivyo, mke wangu. Nilijua siku ile ile."

Wifi aliishika simu kwa mikono miwili. Polepole alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake kama kuna kitu kimedondokea humo.

"Ulijua," wifi akasema, "ukanyamaza."

"Ulikuwa unaniita. Nilipenda kuitwa."

"Nilikuita, ndiyo. Ukanisikia. Na hukuja."

Hapo palikuwa mahali pangu pa kusema neno. Nimemsema kaka yangu tangu tukiwa watoto, mbele yake na nyuma yake, na sijawahi kukosa la kuanzia. Nilisimama na kifuniko cha gari mikononi, machozi yananitoka kama mjinga.

"Nati ni kazi ya dakika moja," kaka akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini, na wifi akainamisha sikio kwenye simu, namna ileile aliyokuwa akiinama kwenye mpini wa bisibisi. "Nilifikiri hivyo kila nilipotaka kukata tiketi. Nitafika, nitaikaza, dakika moja. Halafu? Karakana haina kazi. Nitakuwa nani hapo uani?"

"Ungekaa tu," wifi akasema. "Mimi nashona, wewe umekaa."

Nikadhani laini imekatika, na wifi naye akaitoa simu sikioni kuangalia kama bado inawaka. Inawaka. Akairudisha, na ndipo tukausikia ule mlio. Ulikuwa unatoka kwenye simu. Ulikuwa dhaifu, umepotoka, wa mtu ambaye siku zote alifanyiwa na hajawahi kuufanya mwenyewe. Tk. Tk. Tk.

Wifi aliziba mdomo kwa kiganja chenye grisi. Alipokiondoa kilimwachia alama nyeusi shavuni, na hakuifuta.

"Ikipata moto," akamuuliza, "inazidi au inapungua?"

"Inazidi," kaka akasema.

Wifi akaingiza mkono dirishani, akazima gari ili amsikie vizuri.